Pete haivishwi mara mbili: Jinsi ya kuchagua kamera ya harusi za usiku

Saa mbili na nusu usiku. Taa kubwa za ukumbi zinazimwa, mashine ya moshi inapuliza na mshereheshaji anatangaza kwamba maharusi wako mlangoni. Zinabaki taa za zambarau na bluu zinazozunguka darini. Wageni wanasimama. Kwa dakika chache bwana na bibi harusi watapita katikati ya meza, mama mzazi atawapokea kwa vigelegele na kitenge, kisha wataketi.

Dakika hizo ndizo ambazo ndugu na marafiki wamezichangia kwa miezi kadhaa, na ndizo ambazo kamera nyingi hushindwa kuzinasa. Albamu inapofika, bibi harusi ni kivuli, uso wa mama umejaa chenga, au kamera ilishika fokasi kwenye maua ya nyuma na kuwaacha watu wenyewe kwenye ukungu.

Hakuna wa kurudia. Pete haivishwi mara mbili, na babu aliyesafiri kutoka kijijini kuja kumbariki mjukuu wake huenda asikae tena mbele ya kamera. Kwa familia nyingi, picha ya harusi ndiyo picha nzuri ya mwisho ya mzee wao, na siku ya msiba ndiyo inayotafutwa.

Upande wa pili iko familia ya mpiga picha. Katika nyumba nyingi, kazi hii hufanywa na zaidi ya mtu mmoja: mume anapiga, mke anapokea oda na kupanga albamu, mdogo wao anabeba taa. Fedha ya kununua kamera hutoka kwenye akiba ileile inayotakiwa kulipa ada na kodi ya nyumba. Ikinunuliwa kamera isiyofaa, hasara inawafikia wote wanaokula chungu kimoja.

Ndiyo maana uamuzi huu unastahili kukaliwa kikao cha familia kabla ya mtu kwenda Kariakoo au kumtumia fedha ndugu aliye Dubai. Na kikao hicho kianze na maswali matatu: Je, kamera hii inashika fokasi gizani? Je, inahifadhi picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja? Je, baada ya kuinunua itabaki fedha ya lenzi?

Jicho linavyotudanganya

Watu wengi hushangaa kwamba ukumbi uliokuwa unaonekana vizuri kwa macho umetoka giza kwenye picha. Sababu iko ndani ya mwili wetu.

Mboni ya jicho la kijana hufunguka kutoka milimita 2 hivi kwenye jua kali hadi kufikia milimita 8 gizani. Hilo pekee huruhusu mwanga mara 16 zaidi kuingia. Kisha nyuma ya jicho, chembe zinazohusika na kuona gizani huendelea kuongeza uwezo wake kwa dakika 20 hadi 30. Ndiyo maana mgeni anayetoka nje hujikwaa anapoingia ukumbini, lakini nusu saa baadaye anacheza muziki bila kugusa kiti.

Kamera haina msaada huo wa polepole. Ina njia tatu tu za kukabiliana na giza. Ya kwanza ni kufungua zaidi tundu la lenzi, kama mboni inavyofunguka. Ya pili ni kuacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi. Ya tatu ni kupandisha ISO, yaani kuikuza ishara ndogo ya mwanga uliopatikana.

Kila njia ina gharama yake. Tundu likifunguliwa sana, sehemu inayoonekana vizuri mbele na nyuma inakuwa nyembamba. Shata ikikaa wazi muda mrefu, anayecheza anageuka ukungu. ISO ikipandishwa, chenga zinaingia.

Fremu kamili maana yake nini

Kamera inayoitwa ya fremu kamili ni ile yenye kihisi mwanga cha milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa fremu moja ya filamu ya milimita 35 iliyotumika studio nyingi za zamani. Kipimo hicho kilipata umaarufu mwaka 1925 kampuni ya Leica ilipoanza kuuza kamera yake ndogo iliyobuniwa na Oskar Barnack.

Kamera za kawaida ambazo wapiga picha wengi huanza nazo zina kihisi kidogo, cha milimita 23.5 kwa 15.6 hivi. Ukipiga hesabu ya eneo, kihisi cha fremu kamili ni kikubwa zaidi ya mara mbili.

Fikiria ndoo mbili zimewekwa nje mvua ikinyesha. Yenye mdomo mpana itakinga maji mengi zaidi kwa muda uleule. Ndivyo kihisi kikubwa kinavyokinga mwanga mwingi zaidi. Kwa kamera za kizazi kimoja, picha iliyopigwa kwa ISO 6400 kwenye fremu kamili hukaribiana kwa usafi na ile ya ISO 3200 kwenye kihisi kidogo.

Hiyo ni faida ya kweli, lakini ni ya hatua moja hivi ya mwanga. Muuzaji anayesema kwamba fremu kamili itamaliza matatizo yote ya giza anauza ndoto.

Lenzi huja kabla ya bodi

Lenzi inayokuja pamoja na kamera nyingi za bei nafuu, ikivutwa kuleta mbele kitu kilicho mbali, hufunguka hadi f/5.6 tu. Namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za kampuni yoyote, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya tundu la f/5.6.

Linganisha: fremu kamili inaongeza mwanga zaidi ya mara mbili, lenzi ya f/1.8 karibu mara kumi.

Chukua mfano wa ukumbi wenye mwanga hafifu, maharusi wakitembea, shata ikiwa 1/125 ya sekunde ili miguu na mikono isiote ukungu. Ikiwa kwa f/2.8 kamera inahitaji ISO 6400, basi kwa f/5.6 itahitaji ISO 25,600. Kwa f/1.8 itahitaji ISO 2600 hivi. Ni ukumbi uleule, taa zilezile. Tofauti hiyo yote imeletwa na lenzi.

Kwa hiyo kijana anayemaliza akiba yote kwenye bodi ya fremu kamili, kisha akaifunga lenzi ya f/5.6, anaweza kutoa picha mbaya kuliko mwenzake mwenye kamera ndogo na lenzi ya f/1.8. Kanuni rahisi ya nyumbani ni hii: kama fedha iliyopo haitoshi kununua bodi pamoja na walau lenzi moja inayofunguka hadi f/1.8, na baadaye ile ya kuvuta yenye f/2.8, basi bodi hiyo ni ya gharama kubwa mno kwa sasa.

Swali la kwanza: Inashika fokasi gizani?

Chenga zinaweza kupunguzwa kwenye kompyuta. Programu za siku hizi zinafanya hivyo vizuri sana. Lakini picha ambayo fokasi imeangukia kwenye sikio badala ya jicho, au kwenye kiti badala ya mtu, hakuna programu ya kuirudisha vizuri.

Lenzi ya f/1.8 inaongeza ugumu huo. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye fremu kamili, mtu akiwa mita 2 mbele yako, sehemu yote inayoonekana vizuri ina unene wa sentimita 17 hivi. Bwana harusi akisimama hatua moja nyuma ya mkewe, mmoja wao atafifia. Ndiyo maana uwezo wa kushika fokasi ndio unaotakiwa kutazamwa kwanza kabla ya ISO ya juu inayotangazwa kwenye boksi.

Kampuni huonyesha uwezo huo kwa kipimo cha EV. Namba huwa hasi, na kila inaposhuka kwa moja, maana yake kamera inaweza kushika fokasi kwenye nusu ya mwanga wa awali. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 iliishia kwenye -0.5. Canon 5D Mark III ya 2012 ilifika -2. Nikon D750 ya 2014 ilifika -3, sawa na Sony a7 III ya 2018. Canon R6 ya 2020 ilitangazwa kufika -6.5.

Kutoka -0.5 hadi -3 ni karibu mara sita. Katika ukumbi wenye taa za zambarau, hiyo ndiyo tofauti ya kamera inayonasa mama akimkumbatia mwanawe na kamera inayokwenda mbele na nyuma ikitafuta, huku tukio likipita.

Hata hivyo, namba hizi zisichukuliwe kama matokeo ya mtihani mmoja. Canon ilipima R6 kwa lenzi ya f/1.2, wakati Sony ilipima a7 III kwa lenzi ya f/2. Sehemu ya tofauti inatokana na lenzi. Angalia pia namba hiyo inahusu wapi: Canon 6D ya mwaka 2012 inafika -3, lakini kwa nukta moja tu ya katikati. Nukta zake nyingine kumi ni dhaifu zaidi, hivyo mpiga picha hulazimika kuweka katikati uso anaoutaka, kushika fokasi, kisha kupanga picha upya.

Hapa ndipo kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani zilipoleta mabadiliko makubwa. Zinatambua uso na jicho la mtu na kumfuata anapotembea. Pia dirisha lake dogo la kuchungulia linaonyesha picha itakavyokuwa kabla hujabonyeza, kwa hiyo mpiga picha anaona mapema kwamba uso umetoka giza. Kwa mtu anayejifunza kazi, hilo linaokoa makosa mengi.

Swali la pili: Kadi ngapi?

Kadi ya kuhifadhia picha ni kitu kidogo chenye uwezo wa kuvunja urafiki. Inaweza kuharibika bila dalili. Inaweza kupotea mfukoni mwa suruali. Mpiga picha akirudi nyumbani saa nane usiku na kukuta kadi haisomeki, hana cha kuwaambia wazazi wa bibi harusi, na kurudisha fedha yao hakurudishi siku yao.

Dawa yake ni kamera yenye nafasi mbili za kadi, iliyopangwa kuandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Wengi hununua kamera ya aina hiyo kisha wakaiacha kwenye mpangilio wa kuhamia kadi ya pili pale ya kwanza inapojaa. Hapo kinga yote imepotea. Ingia kwenye menyu, chagua mpangilio wa nakala, kisha piga picha mbili tatu na uhakikishe ziko kwenye kadi zote.

Swali hili linachuja kamera nyingi. Canon 6D na 6D Mark II zina nafasi moja. Canon EOS R ya 2018, EOS RP ya 2019 na R8 ya 2023 zina nafasi moja. Nikon Z6 ya kwanza, ya 2018, nayo ina moja. Ni kamera nzuri kwa safari, kwa studio, au kama bodi ya pili. Kwa bodi kuu ya harusi, familia ijue kwamba inabeba hatari hiyo kila Jumamosi.

Zenye nafasi mbili ni pamoja na Canon 5D Mark III, Nikon D750, Sony a7 III, Nikon Z6 II na Canon R6. Uliza pia aina ya kadi. D750, a7 III na R6 hutumia kadi za SD pande zote mbili. 5D Mark III inatumia CF na SD. Z6 II inatumia SD upande mmoja na upande wa pili kadi za XQD au CFexpress, ambazo ni ghali zaidi. Bei ya kadi iingie kwenye bajeti ya kamera.

Megapikseli zisiwatishe

Swali la kwanza la jirani akiona kamera mpya huwa ni ina megapikseli ngapi. Kwa harusi, swali hilo lina jibu la hesabu ndogo.

Ukurasa wa albamu wa sentimita 30 kwa 45, uliochapishwa kwa ubora wa juu wa nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji megapikseli 19 hivi. Kamera ya megapikseli 20 hadi 24 inatosha, na inabakiza nafasi ya kukata pembeni kidogo. Picha ya ukutani ya ukubwa wa juu zaidi hutazamwa kwa mbali, hivyo haihitaji nukta nyingi kiasi hicho.

Megapikseli zikizidi, faili linakuwa zito. Kwa kamera ya megapikseli 24, faili ghafi moja linaweza kuwa na MB 30 hivi. Picha 2,000 za harusi moja ni GB 60. Zidisha kwa harusi za msimu mzima, kisha zidisha mara mbili kwa nakala ya akiba, na utaona kwamba kompyuta ya nyumbani na diski zake nazo ni sehemu ya bei ya kamera.

Ngozi zetu na taa za zambarau

Kuna jambo ambalo matangazo ya kamera hayalisemi sana. Vipimo vingi vya picha vilianza bila kufikiria ngozi nyeusi. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, kadi za Kodak zilizotumiwa na maabara kupima rangi zilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu, na zikajulikana kwa jina la Shirley. Kamera za leo zimeboreshwa sana, lakini mtego mmoja bado uko palepale.

Kamera ikikutana na gauni jeupe linalojaza fremu, huamua kwamba mwanga umezidi na kupunguza. Gauni linatoka vizuri, uso wa bibi harusi unazama. Mpiga picha akijaribu kuuinua uso huo baadaye kwenye kompyuta, chenga zilizojificha kwenye giza zinatokea, hasa chini ya macho na shingoni.

Kwa hiyo pima mwanga wa uso, usipime gauni. Ni afadhali kupandisha ISO kidogo wakati wa kupiga kuliko kupiga picha yenye giza na kuiangaza baadaye. Piga faili ghafi badala ya JPEG pekee, kwa sababu taa za zambarau na bluu hupotosha rangi ya ngozi na faili ghafi huacha nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha.

Na kabla ya kulipa, jaribu kamera kwenye nyuso zenu wenyewe. Kama muuzaji anaruhusu, au kama mnaweza kukodi kamera ya aina hiyo kwa siku moja, fanyeni jaribio la sebuleni. Zimeni taa kubwa, acheni moja ndogo. Bibi akae kwenye kochi, mtoto apite mbele yake akicheza, mtu mwenye ngozi nyeusi zaidi nyumbani avae shati jeupe. Pigeni picha 50 kwa ISO 3200, 6400 na 12,800, kisha mzitazame kwenye skrini kubwa. Hesabuni ni ngapi macho yametoka sawasawa. Jaribio hilo la jioni moja linajibu zaidi ya video kumi za wasifiaji.

Pale taa ya flashi inapokatazwa

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kuhangaika na giza wakati kuna taa ya flashi. Ni kweli, flashi nzuri ni sehemu ya vifaa vya harusi na haipaswi kukosekana. Lakini baadhi ya wachungaji, mapadri na mashehe hawapendi flashi wakati wa kiapo au nikaha. Tena kumbi nyingi hupambwa kwa vitambaa vya rangi darini, na mwanga wa flashi ukirushwa juu hurudi na rangi ya kitambaa au haurudi kabisa.

Wakati wa kiapo, hata mlio wa shata unaweza kusumbua. Kamera zisizo na kioo zina shata ya kielektroniki ambayo haitoi sauti. Inafaa sana kanisani kwenye mwanga wa dirishani. Lakini chini ya taa za LED zinazowaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, shata hiyo inaweza kuacha mistari ya giza na mwanga kwenye picha. Mistari hiyo haifutiki kirahisi. Ukumbini, rudi kwenye shata ya kawaida, na kama kamera ina mpangilio wa kuzuia mpepeso wa taa, uwashe.

Uwezo wa bodi kutuliza mtikisiko wa mkono nao ueleweke vizuri. Unasaidia kupiga mapambo, keki au altare bila kutikisika. Haumzuii shangazi anayecheza kutoka ukungu. Kwa mtu anayetembea, kinachosaidia ni kasi ya shata.

Mpya au iliyotumika?

Bei za sokoni hubadilika kila wiki, lakini bei zilipoanzia inasaidia kujua kamera ilikusudiwa nani. 5D Mark III ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 3,499, R6 kwa dola 2,499, D750 kwa dola 2,299, 6D kwa dola 2,099, na a7 III kwa karibu dola 2,000. Leo nyingi kati ya hizo zinapatikana zikiwa zimetumika kwa sehemu tu ya bei hizo.

Kwa familia inayoanza na mtaji mdogo, D750 iliyotunzwa vizuri bado ni chaguo la busara: ina kadi mbili, fokasi nzuri gizani, na betri yake imepimwa kufikisha picha 1,230 kwa chaji moja. Mwenye lenzi za Canon tayari anaweza kutazama 5D Mark III. Anayeweza kupanda zaidi atapata msaada mkubwa wa kufuata jicho kwa a7 III au R6, lakini aongeze betri. Ile ya a7 III imepimwa kwa picha 710, na kamera zisizo na kioo hula chaji hata pale unapochungulia bila kubonyeza.

Wanaotaka kuhama kutoka kamera ya kioo waangalie lenzi zao kwanza. Lenzi za Canon za zamani hufanya kazi vizuri kwenye bodi za R kwa kiunganishi. Za Nikon zinahitaji uangalifu: lenzi zisizo na mota ndani yake, kama ile ya milimita 50 f/1.8D inayopendwa kwa bei yake, hupoteza fokasi ya kujiendesha zinapofungwa kwenye bodi za Z kwa kiunganishi cha FTZ.

Ukikagua kamera iliyotumika, fanya haya:

Kwanza, uliza idadi ya mara shata ilivyobonyezwa. Shata ya 6D ilikadiriwa kudumu mara 100,000, za D750 na 5D Mark III mara 150,000, ya a7 III mara 200,000. Anayepiga picha 2,000 kila wikiendi anafikisha 100,000 ndani ya harusi 50, yaani mwaka mmoja. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili la picha; kwa Canon mara nyingi itahitajika programu ya kompyuta.

Pili, piga ukuta mweupe au anga kwa f/16. Madoa yatakayoonekana ni vumbi, au mkwaruzo kwenye kihisi. Kisha funika lenzi, piga picha ya sekunde kadhaa, utafute nukta zinazong'aa.

Tatu, weka kadi kwenye nafasi zote mbili na upige. Usikubali kuambiwa kwamba nafasi ya pili ina tatizo dogo tu.

Nne, mulika lenzi kwa tochi ya simu. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo, nayo huonekana kama nyuzi nyembamba za utando wa buibui. Baada ya kununua, hifadhi vifaa kwenye boksi linalofungwa vizuri lenye vifuko vya kukausha unyevu.

Shingo nayo ina bei

Harusi inaweza kuanza saa tatu asubuhi saluni na kuisha saa sita usiku. D750 pamoja na betri ina uzito wa gramu 840. Ukiifunga lenzi ya 24-70 f/2.8 ya gramu 900, na bodi ya pili kama hiyo ukaifunga 70-200 f/2.8 ya kilo moja na nusu, umebeba zaidi ya kilo nne kwa saa 15.

Mkanda mwembamba unaoning'iniza uzito huo wote shingoni huumiza shingo, mabega na mgongo wa juu. Mkanda mpana unaopita begani na kuvuka kifua, au wa mabega mawili, hugawa uzito vizuri zaidi. Badilisha upande, kaa wageni wanapokula, kunywa maji. Ganzi au maumivu yanayoshuka mkononi na kudumu siku kadhaa baada ya kazi yapelekwe kituo cha afya, yasizoewe. Uzito mdogo wa bodi zisizo na kioo, kama gramu 650 za a7 III, ni sababu halali ya kuichagua.

Hesabu ya mezani

Kabla ya kununua, kaeni na daftari. Andikeni bodi, lenzi ya f/1.8, kadi mbili, betri ya pili, flashi, diski ya akiba na boksi la kuhifadhia. Kisha andikeni bodi ya pili, hata kama ni kamera ndogo ya zamani au ya kukodi, kwa sababu kamera moja ikizima katikati ya kiapo, ibada haisimami kusubiri fundi. Kama orodha yote inazidi akiba, shukeni kwenye bodi. Msishuke kwenye kadi na lenzi.

Na familia inayomtafuta mpiga picha nayo ina maswali ya kuuliza kabla ya kulipa utangulizi. Msiulize jina la kamera yake. Muulizeni kama anahifadhi kwenye kadi mbili, kama ana bodi ya akiba, na mwombeni awaonyeshe harusi moja nzima ya usiku, kuanzia kuingia ukumbini hadi kufunga, badala ya picha kumi alizochagua yeye.

Tazameni nyuso za wazee waliokaa meza za nyuma, kule taa zisikofika. Zikionekana vizuri, mtakuwa mmempata mtu wenu.